Kisu na Mshipa Mkuu: Historia ya Upasuaji wa Sarkoma ya Vena Kava

Miongoni mwa saratani zote zinazompata binadamu, zile zinazochipuka katika kuta zenyewe za mishipa mikuu ya damu ni adimu mno, kiasi kwamba daktari wa upasuaji anaweza kushika kisu tangu ujana wake hadi anapostaafu bila kumwona mgonjwa hata mmoja mwenye maradhi hayo. Zinazojulikana zaidi katika kundi hilo ni zile za vena kava ya chini, mshipa mpana kuliko vena zote za mwili, ambao huanzia chini kidogo ya usawa wa kitovu, pale zinapokutana vena mbili zinazoleta damu kutoka miguuni na nyongani, ukapanda upande wa kulia wa uti wa mgongo, ukapokea damu ya figo, ukapita nyuma ya ini ukiwa umegandamana nalo, kisha ukapenya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua na kumwaga damu yote hiyo katika chemba ya juu ya kulia ya moyo. Ukuta wa mshipa huu una misuli laini, yaani misuli inayofanya kazi bila kuamriwa na mtu, na saratani inayoanzia katika misuli hiyo huitwa leiomiosarkoma. Maandishi ya kitabibu yamezoea kusimulia historia ya upasuaji wake kwa kutaja nani alimtangulia nani, lakini masimulizi ya namna hiyo hufunika jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba hakuna chombo muhimu kati ya vile vinavyotumika kuutoa uvimbe huu kilichobuniwa kwa ajili yake. Namna ya kushona, bomba mbadala, mashine, na hata ujasiri wa kuufunga mshipa moja kwa moja, vyote vilitoka katika matibabu ya maradhi mengine, na sarkoma ya vena kava, kwa uchache wa wagonjwa wake, ikaishi kwa kuazima.

Maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu yalichapishwa mwaka 1871 chini ya majina ya Perl na Rudolf Virchow, katika jarida ambalo Virchow alikuwa mmoja wa walioliasisi mjini Berlin mwaka 1847. Virchow ndiye aliyefundisha kwamba chanzo cha ugonjwa kitafutwe ndani ya seli, na ndiye pia aliyekuwa amekwisha kuonyesha kwamba donge la damu lililoganda katika vena za mguu linaweza kung'oka, likachukuliwa na mkondo hadi mapafuni na kuua. Alikuwa basi mtu aliyestahili kuliko wengi kuamua kama kitu kilichoziba mshipa ni damu iliyoganda au ni nyama iliyoota. Miaka 2 baadaye, mwaka 1873, Brodowski wa Warszawa alieleza sarkoma ya aota, ateri kuu inayotoka moyoni, na mwaka 1923 Mandelstamm akaeleza ile ya ateri ya mapafu, ambayo hupeleka damu mapafuni ikasafishwe. Maelezo hayo yalitokana na uchunguzi wa maiti. Elimu ya uvimbe wa mishipa mikuu ilianza mezani pa wafu na ikakaa hapo kwa zaidi ya nusu karne.

Sababu ya kukawia huko haikuwa uzembe. Uvimbe wa vena kava hukua polepole katika sehemu ya mwili isiyopapasika, nyuma kabisa ya utumbo, na mara nyingi huelekea nje ya mshipa kabla ya kuuziba ndani, hivyo mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyepita umri wa miaka 50, hulalamika maumivu ya tumbo au ya mgongo yasiyo na sura maalumu. Dalili nyingine hutegemea mahali uvimbe ulipo. Madaktari wameugawa mshipa huo katika sehemu tatu: ya chini, iliyo chini ya vena za figo, ya kati, kuanzia vena za figo hadi zile za ini, ambako uvimbe hupatikana zaidi, na ya juu, kuanzia vena za ini hadi moyoni. Uvimbe wa chini huweza kuvimbisha miguu, wa kati huweza kusumbua figo, na wa juu huzuia damu isitoke katika ini, tumbo likajaa maji na ini likatutumka. Dalili zote hizo zina maelezo mengine mia yaliyo ya kawaida zaidi, na daktari wa karne ya 19, aliyekuwa na masikio na vidole vyake tu, hakuwa na njia ya kufikia jibu sahihi mgonjwa angali hai.

Lakini hata kama angelifikia, asingekuwa na la kufanya. Kufunga mshipa uliokatwa kwa uzi ni mbinu ya kale, nayo ilifufuliwa katika karne ya 16 na Ambroise Paré, daktari wa majeraha katika majeshi ya Ufaransa, ila vena kava ilichukuliwa kuwa kitu kisichoguswa, kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba na damu ipitayo humo ni nyingi. Aliyetajwa kuwa wa kwanza kuifunga kabisa na mgonjwa wake akapona ni Enrico Bottini wa Pavia, nchini Italia, mwaka 1893. Mwanzoni mwa karne ya 20 Friedrich Trendelenburg wa Ujerumani alitetea ufungaji wa vena za nyonga kwa wanawake walioambukizwa baada ya kujifungua, ili usaha usipande pamoja na damu, na katika miaka ya 1940 madaktari wa Marekani, akiwamo John Homans wa Boston, walipendekeza kufunga vena kava kwa wagonjwa waliokuwa hatarini kuuawa na madonge ya damu yanayotoka miguuni. Wengi wa waliofungwa mshipa huo walibaki hai. Miguu ilivimba, ngozi ya baadhi yao ikawa nyeusi na kutoka vidonda visivyopona, lakini damu ilipata njia nyingine ya kurudi moyoni, kupitia vena ndogo za mgongoni, za ukuta wa tumbo na zile zinazoandamana na uti wa mgongo, ambazo hutanuka taratibu njia kuu inapozibwa.

Ufungaji huo uliachwa baadaye, hasa baada ya Lazar Greenfield, daktari wa upasuaji, na Garman Kimmell, mhandisi wa mafuta, kutangaza mwaka 1973 kichujio kidogo cha chuma kinachowekwa ndani ya mshipa ili kunasa madonge bila kuzuia damu. Hata hivyo fundisho lake lilikuwa limekwisha kuandikwa, na lilikuja kuwafaa wagonjwa wa sarkoma kuliko walivyofaidika nalo wale wa kwanza. Mtu ambaye vena kava yake inafungwa ghafla akiwa mzima hana njia za pembeni zilizo tayari, bali mwenye uvimbe ulioziba mshipa kwa miezi au miaka amekwisha kuzijenga, na mpasuaji anapoondoa kipande kilichozibwa haondoi kitu kilichokuwa bado kinafanya kazi.

Njia ya pili, ile ya kukata na kuunga tena, ilitokana na mauaji ya rais. Tarehe 24 Juni 1894, mjini Lyon, Sadi Carnot, rais wa Ufaransa, alichomwa kisu tumboni na mfuasi wa siasa za kupinga dola, akafa usiku wa kuamkia siku ya pili kwa kuvuja damu kutoka vena ya mlango, ile inayopeleka ini damu iliyopita utumboni. Madaktari wa mji huo, ambao ulisifika kwa shule yake ya tiba, hawakuwa na namna ya kushona mshipa wa aina hiyo. Alexis Carrel, aliyekuwa kijana akisomea udaktari huko huko Lyon, aliona kwamba tatizo lilikuwa la ufundi wa mikono kabla ya kuwa la sayansi, na kwa kuwa Lyon ulikuwa mji wa hariri, alikwenda kujifunza kwa mwanamke mdarizi namna ya kutumia sindano nyembamba kabisa na nyuzi laini.

Mbinu aliyoichapisha mwaka 1902 inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotumika hadi leo kwa mabadiliko machache. Ncha mbili za mshipa uliokatwa ni duara laini linalojikunja, na mtu akijaribu kushona duara la namna hiyo, sindano huweza kushika ukuta wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, njia ikazibika. Carrel alitia kwanza mishono mitatu tu, yenye nafasi sawa kati yake, akazivuta nyuzi zake upande wa nje, na duara likageuka pembetatu yenye pande tatu zilizonyooka, ambazo zilishoneka mmoja baada ya mwingine bila kuugusa ule wa pili. Nyuzi za hariri alizipaka vaselini ili zisiukwaruze ukuta na kutoboa tundu jipya, na alihakikisha kwamba tabaka la ndani la mshipa linakutana na tabaka la ndani, kwa kuwa chochote kingine kinachogusana na damu huifanya igande. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Sifa hiyo ya mikono yake haina budi kutenganishwa na fikra zake za baadaye, kwani katika kitabu alichokitoa mwaka 1935 Carrel alitetea kuondolewa duniani kwa watu aliowaona kuwa hawafai, na haki haitendeki pale vitabu vya tiba vinapotaja mishono yake mitatu na kunyamazia hayo.

Kati ya Carrel na mgonjwa wa kwanza wa vena kava kulikuwa na miaka 26. Mwaka 1928 Melchior wa Ujerumani aliripoti kuutoa uvimbe huo kwa mgonjwa aliye hai, na tangu hapo jina lake hutajwa katika kila makala ihusuyo ugonjwa huu. Kuanza si kufungua njia. Miongo iliyofuata ripoti za namna hiyo zilikuwa chache, zilizotapakaa katika majarida ya lugha mbalimbali, na nyingi zilimhusu mgonjwa mmoja mmoja, kwa kuwa mambo mawili yalikuwa bado hayajatimia. La kwanza lilikuwa damu. Karl Landsteiner wa Vienna alitambua makundi ya damu mwaka 1901, na katika miaka ya 1914 na 1915 ikagunduliwa kwamba chumvi ya sitrati huizuia damu iliyotolewa mwilini isigande, lakini hospitali nyingi hazikuwa na damu iliyohifadhiwa hadi benki za damu zilipoanza kuenea, ile ya hospitali ya Cook County mjini Chicago ikiwa imefunguliwa na Bernard Fantus mwaka 1937. La pili lilikuwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyogunduliwa kutokana na kazi ya Jay McLean, mwanafunzi wa tiba katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwaka 1916, ikakaa karibu miaka 20 kabla ya kusafishwa kiasi cha kuweza kutiwa katika mshipa wa mgonjwa. Bila damu ya akiba mpasuaji asingethubutu kufungua vena kava. Bila heparini, mishono ya Carrel katika vena ingeweza kuzibika siku ile ile.

Ilibaki pia haja ya kuuona uvimbe kabla ya kupasua. Mwaka 1929 Reynaldo dos Santos mjini Lisbon alichoma sindano ndefu kupitia mgongoni hadi katika aota, akaingiza dawa inayoonekana katika eksirei, na kwa mara ya kwanza umbo la ateri kuu ya mtu aliye hai likatokea katika picha. Vena nazo zilifuata. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Stockholm alirahisisha kazi hiyo kwa kupitisha waya mwembamba ndani ya sindano, kisha mrija juu ya waya, na katika miaka ya 1970 mashine ya Godfrey Hounsfield, inayounganisha picha nyingi za eksirei kwa kompyuta hadi ikaonyesha mwili kama uliokatwa vipande vyembamba, iliuweka uvimbe wa nyuma ya utumbo mbele ya macho ya daktari. Kuanzia hapo idadi ya wagonjwa waliotambuliwa wakiwa hai ilianza kupanda.

Wakati sarkoma ya vena kava ikingoja, jirani yake ilikuwa ikiwafundisha wapasuaji kazi. Saratani ya figo ina tabia ya kuingia katika vena ya figo na kutambaa hadi ndani ya vena kava, na mara nyingine hadi moyoni, bila kuushika sana ukuta, na kwa kuwa ugonjwa huo ni wa kawaida zaidi, madaktari wa njia ya mkojo walikutana nao mara kwa mara. Albert Berg wa New York aliripoti mwaka 1913 kuutoa uvimbe wa aina hiyo kwa kuufungua mshipa. Tofauti kati ya magonjwa hayo mawili ni kubwa, kwa maana uvimbe wa figo huweza kuchomolewa na mshipa ukashonwa, ilhali leiomiosarkoma ni sehemu ya ukuta na haitoki bila ukuta kutoka nao. Ila namna ya kuubana mshipa juu na chini na ya kuzuia kipande kisikatike kikaenda mapafuni zilijulikana kwanza kwa wagonjwa wa figo. Na uvimbe ulipokuwa umefika moyoni, walikwenda kuazima tena. John Gibbon, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa Boston alikesha na mgonjwa aliyekuwa akifa kwa donge la damu lililoziba ateri ya mapafu, alitumia zaidi ya miaka 20 kuunda mashine ya kuchukua nafasi ya moyo na mapafu, na tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, akaitumia kwa mafanikio kuziba tundu katika moyo wa msichana. Mwaka 1984 Fray Marshall na Bruce Reitz wa Johns Hopkins walieleza namna ya kuutoa uvimbe wa figo uliofika moyoni kwa kumpoza mgonjwa kwa mashine hiyo na kuusimamisha mzunguko wa damu kwa muda, ubongo ukilindwa na baridi, ili mshipa ufunguliwe ukiwa hauna damu. Sarkoma za sehemu ya juu ya vena kava hutolewa kwa mbinu hiyo hiyo.

Ateri ya mapafu ina kisa chake, na ni kisa cha makosa ya utambuzi. Trendelenburg yule yule alijaribu mwaka 1908 kulitoa donge la damu katika ateri hiyo kwa kuifungua kifuani, wagonjwa wake wakafa, na ni mwanafunzi wake Martin Kirschner aliyefanikiwa mwaka 1924. Upasuaji wa madonge ya zamani yaliyogeuka kovu ulikuja kukamilishwa San Diego, katika Chuo Kikuu cha California, ambako mgonjwa hupozwa hadi kufikia nyuzijoto 20 au chini yake na tabaka la ndani la ateri likabanduliwa pamoja na kovu lake. Sarkoma ya ateri ya mapafu hufanana na donge hilo katika picha na katika dalili, kiasi kwamba wagonjwa wengi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi bila nafuu, na baadhi yao hutambuliwa siku ile kifua kinapofunguliwa. Katika aota hali ni mbaya zaidi: uvimbe hutupa vipande katika ateri za miguu, za figo na za utumbo, daktari akadhani ni mafuta yaliyoganda katika mishipa ya mzee, na mara nyingi anayegundua ukweli ni mtaalamu wa darubini anayepima kipande kilichozolewa mguuni.

Kwa upande wa vena kava, kikwazo kilichobaki kilikuwa ini. Mwaka 1908 Hogarth Pringle wa Glasgow alionyesha kwamba damu inayoingia katika ini inaweza kuzuiwa kwa kubana kwa vidole au kwa kibanio kile kifungu kinachobeba ateri ya ini na vena ya mlango, ila hilo halikuzuia damu inayorudi kinyumenyume kutoka vena kava. Mwaka 1966 Heaney na wenzake walieleza njia ya kulitenga ini kabisa kwa kubana pia vena kava chini yake na juu yake, na wapasuaji wa Ufaransa wakaiendeleza katika miaka ya 1970. Wakati huo huo Thomas Starzl, aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mjini Denver mwaka 1963, alikuwa akilazimika kila mara kukata na kuunga upya vena kava iliyo nyuma ya ini, na kwa hiyo wapandikizaji ndio waliokuja kuijua sehemu ile ya mshipa kuliko watu wengine wote. Katika mbinu za kale waliitoa pamoja na ini la mgonjwa na kuweka ile ya mtoaji. Mwaka 1988 Rudolf Pichlmayr wa Hannover alikwenda mbali zaidi: alilitoa ini lote nje ya mwili, likapozwa, uvimbe ukakatwa juu ya meza ya pembeni, kisha ini likarudishwa kwa mwenyewe. Ni upasuaji wa hatari unaofanywa mara chache na katika hospitali chache, lakini kwa sarkoma iliyoshika mahali vena za ini zinapoingilia vena kava, pengine hakuna njia nyingine.

Bomba la kuchukua nafasi ya mshipa uliokatwa lilianzia kwa mbwa. Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Columbia, Arthur Voorhees alikuta kwamba uzi wa hariri uliokuwa umeachwa ndani ya moyo wa mbwa kwa miezi ulikuwa umefunikwa na utando laini unaong'aa, kama ule wa asili, akawaza kwamba kitambaa nacho kingefunikwa hivyo hivyo na kupitisha damu bila kuigandisha. Mwaka 1952 yeye na wenzake walitangaza mabomba ya kitambaa cha vinyoni. Michael DeBakey wa Houston, aliyefundishwa kushona na mama yake, alinunua dukani kitambaa kipya cha dakroni na kushona mabomba yake ya kwanza kwa cherehani ya nyumbani. Dakroni ilifaa sana katika aota, ambako damu hupita kwa nguvu, lakini katika vena, ambako msukumo ni mdogo na bomba hubanwa na viungo vya jirani, iliziba mapema. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa politetrafluoroethilini iliyovutwa, ambayo Robert Gore aligundua namna ya kuivuta mwaka 1969 na ambayo katika umbo lake la kawaida hupakwa katika vikaango visivyogandisha chakula. Mabomba yake, hasa yaliyozungushiwa pete za kuyazuia yasibonyee, ndiyo yaliyofanya ujenzi upya wa vena kava kuwa jambo la kawaida katika hospitali kubwa.

Upasuaji wa uvimbe wa sehemu ya kati, kwa namna ulivyokuja kufanywa baada ya hazina hiyo yote kukusanyika, huanza mgonjwa akiwa amelazwa chali chini ya nusukaputi, tumbo likafunguliwa kwa mkato mrefu, na utumbo mpana wa kulia pamoja na sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba vikaelekezwa kushoto hadi vena kava iwe wazi. Ini hukatwa kutoka katika mishikizo yake na kupinduliwa kuelekea kushoto, na vena ndogondogo zinazotoka humo kuingia katika vena kava hufungwa moja moja, kazi ya saa nzima au zaidi ambayo haionekani katika ripoti. Mikanda ya kitambaa huzungushwa juu ya uvimbe, chini yake na katika vena za figo. Kisha mpasuaji humwarifu daktari wa usingizi na kubana kwa majaribio, kwa kuwa damu inayorudi moyoni hupungua ghafla, na dakika hizo chache huonyesha kama njia za pembeni za mgonjwa zinatosha au kama mashine itahitajika. Mshipa hukatwa katika sehemu nzima, si kando tu ya uvimbe, ili chembe zisibaki pembeni. Vena ya figo ya kushoto inaweza kufungwa bila figo kufa, kwa sababu inapokea vena ya tezi ya adrenali na ile ya ovari au ya korodani, ambazo huipa damu mlango wa kutokea; ya kulia ni fupi na haina milango hiyo, kwa hiyo huunganishwa katika bomba jipya au figo hutolewa pamoja na uvimbe. Kabla ya mshono wa mwisho kukazwa, bomba hujazwa damu na hewa hutolewa yote, kwani kiputo kikubwa kikifika moyoni huweza kuusimamisha.

Suala la kama bomba hilo linahitajika kweli halijakubaliwa na wote. Wapo wanaounga upya kila mara, wakihofia miguu kuvimba na figo kudhoofika, na wapo wanaofunga ncha mbili na kuacha pengo pale ambapo mshipa ulikuwa umezibwa kabla ya upasuaji na njia za pembeni zinaonekana wazi katika picha. Hoja za kundi la pili zina nguvu kuliko zinavyopewa, kwa sababu bomba ni kitu kigeni kinachoweza kuambukizwa au kuziba, na kukata njia za pembeni ili kulipatia nafasi kunaweza kumwacha mgonjwa katika hali mbaya kuliko aliyokuja nayo. Bila shaka mwelekeo wa kuunga kila kitu umechangiwa pia na fahari ya ufundi.

Kwa muda mrefu mabishano ya aina hiyo hayakuweza kuamuliwa, maana hapakuwa na hospitali yenye wagonjwa wa kutosha kulinganisha. Aliyejaribu kutibu upungufu huo ni Alessandro Mingoli wa Chuo Kikuu cha Roma, ambaye mwaka 1991, pamoja na wenzake, alikusanya wagonjwa 141 kutoka katika maandishi ya dunia nzima, na mwaka 1996 daftari lao la kimataifa likafikia 218. Watu hao 218 walikuwa karibu wote walioripotiwa tangu Perl, yaani katika miaka 125. Miongoni mwa waliotolewa uvimbe wote, karibu nusu walikuwa hai baada ya miaka 5, na takriban watatu kwa kila kumi baada ya miaka 10. Waliokuwa na uvimbe wa sehemu ya juu walifanya vibaya zaidi, na wale ambao uvimbe haukuondolewa hawakuishi muda mrefu. Hospitali ya Memorial Sloan-Kettering ya New York iliripoti wagonjwa 25 mwaka 2003, kikundi cha Edouard Kieffer wa Paris kikaripoti 22 mwaka 2006, na mwaka 2015 uchambuzi wa Wachtel na wenzake nchini Marekani ukaunganisha visa 377. Idadi hizo ndogo ndizo msingi wa karibu kila ushauri anaopewa mgonjwa wa vena kava.

Daftari la Roma lilionyesha pia mpaka wa kisu. Wengi wa waliopona upasuaji walirudiwa na saratani, na mara nyingi haikurudi pale ilipotolewa bali mapafuni na katika ini, kwa kuwa uvimbe unaoanzia ndani ya mkondo wa damu una njia fupi kuliko mwingine wowote ya kusambaza chembe zake. Upana wa mkato hauwezi kuzifuata chembe hizo. Mionzi kabla ya upasuaji ilipimwa kwa wagonjwa 266 wenye sarkoma za nyuma ya utumbo katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2020, na kwa jumla haikupunguza kurudi kwa ugonjwa tumboni. Dalili ya matumaini imetoka katika dawa. Watafiti wa Ufaransa walitangaza mwaka 2024 matokeo ya wagonjwa 150 wenye leiomiosarkoma iliyosambaa au isiyoweza kukatwa, ya mfuko wa uzazi na ya tishu laini kwa jumla, ambao nusu yao walipewa doksorubisini peke yake na nusu doksorubisini pamoja na trabektedini, dawa iliyopatikana kwanza katika mnyama mdogo wa bahari ya Karibi. Kundi la kwanza liliishi kwa wastani wa kati wa miezi 24, na la pili miezi 33.